Boljointi za waja leo waondoka leo

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux dabo kebini ya mwaka 1999, 4x4, mbele ina tosheni baa. Nabeba dagaa na nazi kutoka Kipumbwi, navuka Bweni, napitia Pangani mpaka Tanga mjini. Siku nyingine nashuka nayo hadi ufukweni maji yakikupwa ili kupakia moja kwa moja kutoka kwenye mashua. Ndani ya mwaka mmoja na nusu nimebadilisha boljointi za mbele, vile viungo vya goroli vinavyoshika gurudumu, mara tatu. Fundi mmoja ananiambia ninunue za bei ya chini kwa kuwa zote ni zilezile, mwingine anataka azichomelee chuma zisifumuke tena. Mimi nataka ninunue mara moja, zidumu. Nichukue zipi, na je, zenye nipeli ya grisi ni bora kuliko zisizo nayo? Picha za zilizotoka nimekutumia.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama jioni nzima, na la kwanza ninalokuomba ni kwamba usiende dukani wiki hii. Boljointi tatu kwa miezi kumi na minane zina kitu kinachoziua, na kitu hicho kimebaki kwenye gari kila fundi alipofungua mpya na kutupa ya zamani. Ukifunga hata ile ghali kuliko zote juu ya ugonjwa uleule, nayo itakuwa ya waja leo waondoka leo, kama tunavyosema Tanga.

Picha ya pili ndiyo iliyonifanya nikae. Raba ya vumbi imepasuka kwenye mdomo wake wa chini, pale inapokumbatia shina, na grisi iliyotoka ina rangi ya chai ya maziwa. Halafu tazama shina lenyewe, ile sehemu iliyochongoka inayoingia kwenye nako, kile chuma kinachobeba gurudumu. Upande mmoja unang'aa kama kijiko kipya, upande wa pili umebaki mweusi kama ulivyotoka kiwandani. Hizo ni habari mbili tofauti, na zote mbili zinakuhusu wewe.

Nianze na raba, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea wanapotafuta boljointi ngumu. Siku chache zilizopita niliibana moja kwenye jiliwa, imetoka kwenye gari linalofanya kazi ya chumvi, nikaikata kwa msumeno wa chuma mbele ya vijana wangu wa gereji. Kikombe cha nje kilikuwa kizima kabisa, chuma kilichofuliwa, hakina hata ufa. Ndani yake kuna goroli ya ukubwa wa ndimu changa, na kati ya goroli na kikombe kuna bitana ya plastiki ngumu. Bitana ile ilikuwa imebaki vipande vipande, na goroli ilikuwa na vishimo vidogovidogo upande mmoja kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Nilipopitisha ukucha ulikwama. Sasa fikiria goroli ya namna hiyo inazunguka ndani ya plastiki kila unapokata kona na kila gurudumu linapopanda na kushuka: ni tupa inayokereza.

Uzito wa gari pekee hauimalizi goroli ile mapema, kwani ni chuma kilichopitishwa motoni ili kiwe kigumu juu. Inayoimaliza ni kutu, na kutu inaingia na maji ya chumvi kupitia raba iliyopasuka au iliyolegea mdomo. Maji ya kawaida yakiingia siku ya mvua na grisi ipo, unaweza kuponea. Maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa usiku kucha hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo wewe unalala na kutu iko kazini. Vishimo vinatokea, bitana inalika, goroli inaanza kucheza, na ule mchezo unaivuta raba zaidi, inapasuka zaidi. Ndiyo maana nasema ukitaka boljointi ya kudumu katika njia yako, chagua raba kwanza, chuma baadaye.

Sasa shina. Shina la boljointi limechongoka, na tundu la nako nalo limechongoka vilevile, ili nati ikikazwa viwili hivyo vigandane viwe kama chuma kimoja. Shina likishika sawasawa, alama ya mgusano inaonekana kulizunguka lote. La kwako limeshika upande mmoja tu. Maana yake tundu la nako yako, na kwa picha nadhani ni ya kushoto, limeshalika na kuwa na umbo la yai. Yamkini boljointi ya kwanza ilitembea nati ikiwa imelegea, au aliyefunga alipaka grisi kwenye shina ili liingie laini, au uliuziwa boljointi yenye mchongoko usiofanana na wa gari lako. Tangu siku hiyo kila mpya unayoiweka inatikisika ndani ya tundu lake, hata ikiwa imekazwa mpaka spana inalia. Inatikisika kidogo sana, huioni kwa jicho, lakini inatosha kumaliza raba na kulegeza nati.

Kulipima hilo si kazi ya mashine. Toa boljointi, safisha tundu kwa brashi ya waya na petroli, likauke. Chukua masizi ya chini ya sufuria, changanya na tone la mafuta, paka shina la boljointi mpya kwa kidole, upake wembamba kabisa. Liingize kwenye tundu, lisukume kwa nguvu ya mkono, ligeuze robo mzunguko, lichomoe. Ndani ya tundu masizi yanatakiwa kubaki pande zote na kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Ukiona yamebaki pete moja tu kwenye mdomo, au upande mmoja umepakwa na mwingine haukuguswa, nako hiyo imekwisha. Badilisha nako. Ya mtumba kutoka Japani inafaa, mradi nayo uipime kwa masizi hayohayo kabla hujailipia. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Nimeona watu wanaviringisha bati la kopo la maziwa juu ya shina ili libane tundu lililopanuka. Tafadhali usikubali. Bati lile linapondeka ndani ya siku chache na nati inabaki haina inachokikaza.

Kuhusu huyo anayetaka kuchomelea, hapa naomba unisikilize kama mzazi. Ule ugumu wa goroli ulipatikana kwa kupasha chuma moto na kukipoza kwa kipimo, na moto wa kuchomelea unauondoa. Bitana ya plastiki inayeyuka kabla kijana hajamaliza hata nusu ya mshono. Grisi inaungua, raba inaungua. Kinachobaki ni umbo la boljointi. Niliwahi kuitwa Kigombe alfajiri kwenda kuivuta pikapu ya mteja wangu mmoja. Boljointi yake ilikuwa imechomelewa miezi michache nyuma na mtu mwingine, na nilipoitazama mshono ulikuwa mzuri kwa macho, umelala sawa. Shina ndilo lililokatika, sentimita moja juu ya mshono. Gurudumu la mbele lilikuwa limelala ndani ya madigadi, ekseli imechomoka, bomba la breki limekatika na mafuta yametapakaa kwenye lami. Alikuwa akienda polepole, akakumbana na tuta, ndiyo maana yuko hai. Ingekuwa kwenye mteremko na mwendo wa sabini, ningeitwa kwa kazi nyingine. Boljointi haichomelewi, haijazwi plastiki iliyoyeyushwa, haigongwi kikombe ili kibane. Ikicheza inatoka.

Nikirudi kwenye gari lako, kuna jambo wauzaji hawaulizi ingawa ndilo linaloamua pesa yako iende wapi kwanza: boljointi ipi inabeba uzito? Kila upande una mbili, ya juu na ya chini, kila moja kwenye mkono wake, yaani chuma kinachotoka chasisi kuja kwenye gurudumu, na inayobeba ni ile ya mkono ulioshikwa na springi. Lala chini ya gari uifuate kwa macho nondo ndefu ya tosheni baa, ambayo ndiyo springi ya mbele ya gari lako, kutoka katikati ya chasisi kuja mbele. Kwenye Hilux kama yako inaishia mkono wa juu. Kwa hiyo uzito wa pua ya gari, injini na vyote, unapita kwenye boljointi ya juu. Ya chini inalishika gurudumu lisikimbie mbele wala nyuma wala pembeni, na inaumia zaidi unapofunga breki na unapoingia shimo.

Nakueleza hili kwa sababu watu wa Toyota Surf wamezoea kusema "ya chini ndiyo muhimu" na maneno hayo yakahamia kwenye kila gari. Kwenye Surf yenye springi za koili mbele, chasisi ya KZN185, ni kweli: springi imekaa mkono wa chini. Tena kwenye gari hilo boljointi ya chini imefungwa kwa mtindo ambao uzito unaivuta goroli itoke kikombeni, haukandamizi iingie. Ikilegea haikupi muda mrefu wa kujiuliza. Mwaka 2005 Toyota iliyaita kwa marekebisho magari zaidi ya 700,000, Tacoma na 4Runner yakiwemo, na hiyo 4Runner ndiye ndugu wa Surf huko Marekani, kwa sababu ya boljointi za chini zilizoweza kulika mapema. Mwenye Surf azitazame za chini kila anapomwaga oili. Wewe anza na za juu. Na mwenye Land Cruiser hardtop au Hilux za zamani zenye springi za majani mbele na difu nzima asipoteze muda, hana boljointi. Ana beringi za nako na tairodi za usukani.

Upimaji wa boljointi pia unafuata hesabu hiyohiyo. Fundi akiweka jeki chini ya mkono wa chini wa Hilux yako, tosheni baa bado inausukuma mkono wa juu, boljointi ya juu imebanwa, na hata kama imekwisha haitaonyesha mchezo. Ndivyo gari linavyotoka gereji na jibu la "ziko safi" halafu linagonga njia nzima. Weka jeki chini ya chasisi, inua mpaka gurudumu lining'inie na mkono wa juu ukae kwenye stopa yake ya mpira, kisha weka stendi. Hapo boljointi ya juu imeachiwa. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua taratibu, na mwenzako aangalie kwa tochi pale shina linapoingia kwenye nako. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ugonjwa ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi. Ya chini ipime kwa kuingiza mtaimbo kati ya mkono na nako na kuubinya. Usisahau kuminya raba kwa vidole: ikitoa maji ya kutu, hiyo imeshaanza safari yake hata kama haijacheza bado.

Sasa dukani. Ukienda, usiseme "Hilux ya 1999". Hilux za miaka hiyo ziko za aina nyingi, za magurudumu mawili na za manne, na boljointi zake hazifanani. Nenda na namba ya chasisi, na uwe na ile ya zamani kwenye mfuko. Ziweke mbili sambamba juu ya kaunta: urefu wa shina, unene wa shina pale mwanzo na mwisho wa mchongoko, nafasi ya matundu ya bolti. Zikitofautiana hata kidogo, irudishe. "Itaingia tu" ni maneno yaliyopanua matundu mengi ya nako.

Kama mfuko unaruhusu, agiza jenyuini ya Toyota kwa namba ya chasisi. Itakuchukua siku kadhaa kuisubiri, lakini raba zake sijapata kuzilalamikia. Ikishindikana, 555 ya kampuni ya Sankei ya Japani nimeifunga kwa miaka mingi na ninaiamini. Namba za boljointi zake huanza na herufi SB, za tairodi SE. Ya Korea ya CTR pia ni kazi nzuri kwa bei ya kati. Siko pamoja na wanaosema kila kitu cha Uchina ni kibovu. Viko viwanda huko vinavyotengeneza vizuri sana. Tatizo ni kwamba kwenye boksi jeupe lisilo na jina huwezi kujua limetoka kwa yupi, na boljointi si mahali pa kubahatisha.

Na kwa kuwa 555 inapendwa, inaigwa. Usisome boksi, soma chuma. Jina na namba ziwe zimechapwa kwenye mwili wa boljointi yenyewe, herufi zilizonyooka, na zilingane na za kwenye boksi. Shika shina, lizungushe kwa mkono. Linatakiwa kuwa zito, lizunguke kwa ulaini uleule pande zote. Likilegea na kuanguka lenyewe kama ulimi wa kengele, liache hapohapo kwenye kaunta. Likikwama mahali na kuachia mahali, liache pia. Nyuzi za shina ziwe kali na safi, nati iwe yenye meno na iingie yote kwa vidole. Kotapini iwe ndani ya boksi.

Halafu itazame raba, na hapa usione haya kumchelewesha muuzaji. Iminye, iachie: irudi umbo lake mara moja, isiache mkunjo mweupe. Inuse kama unavyonusa dagaa; raba mbaya ina harufu kali ya tairi lililochomwa, raba nzuri haina harufu ya kukukera. Tazama mdomo wa juu ulivyoshikwa kwenye kikombe: uwe na ringi ya chuma iliyokaa imara mzunguko mzima. Mdomo wa chini uibane shina sawasawa, usiwe na uwazi hata wa kupitisha ukucha. Boljointi iliyokaa rafu ya dukani karibu na mlango inapigwa jua kila siku, raba yake inazeeka kabla hujainunua. Ukikunja kidogo ukaona mistari ya nyufa, omba nyingine kutoka stoo. Dai risiti ya mashine, siyo ya mkono. Ikija kugundulika ni bandia, utakuwa na pa kuanzia kulalamika, kwa muuzaji na hata kwa Tume ya Ushindani.

Swali lako la nipeli nimelichelewesha makusudi. Yenye nipeli inakuwezesha kusukuma grisi mpya ndani na kuitoa ile iliyoingiwa na maji. Isiyo na nipeli imefungwa maisha, inategemea raba peke yake. Kwa mtu wa mjini anayetembea Chumbageni na Raskazone, isiyo na nipeli ndiyo bora, kwa sababu hatakumbuka kupiga grisi, na nipeli iliyosahauliwa haina faida. Wewe unaingia pwani. Kwa hiyo raba zikilingana ubora, chukua yenye nipeli. Zisipolingana, chukua yenye raba nzuri hata kama haina nipeli. Baadhi hazina nipeli lakini zina kizibo kidogo cha skrubu mahali pake. Kizibo kile kinatoka na nipeli inaingia.

Nipeli inataka mkono wenye huruma. Tumia bomba la grisi la mkono, siyo la upepo. Futa kichwa cha nipeli kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani kwa nguvu zako mwenyewe. Piga taratibu huku kidole kimegusa raba, na uache pale inapoanza kujaa kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Ukiendelea mdomo utafumuka, na hapo umeua ulichotaka kukiponya. Grisi iwe namba 2. Ya lithiamu inatosha kwa barabara, lakini kwa bahari tafuta ya kalisiamu au ile wanayotumia watu wa boti, inavumilia maji zaidi. Kwako wewe, piga siku ileile uliyotoka ufukweni, ili maji yasilale ndani.

Kufunga nakueleza ili umsimamie fundi. Aweke alama kwenye bolti ya kurekebishia tosheni baa kabla hajailegeza, ahesabu na mizunguko, ili gari lirudi kimo chake. Mkono wa chini uwe juu ya jeki muda wote. Nati ya shina ailegeze lakini aiache ishike nyuzi chache mpaka shina liachie, isije ikafyatuka usoni mwake. Kuliachisha shina, atumie pula, kile kifaa cha kulitoa shina, au agonge nako kwa pembeni kwa nyundo mbili. Ule uma wa kupigilia katikati unachana raba, na mara nyingi unachana ya boljointi ambayo hukukusudia kuibadilisha. Shina jipya na tundu lake viingie vikavu, safi, bila tone la grisi. Akaze kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tundu la kotapini lisipolingana na meno ya nati, akaze mbele kidogo mpaka lilingane. Kurudisha nyuma ni marufuku. Kotapini iwe mpya. Bolti nne za kikombe zikiwa zimeliwa na kutu, nunua zenye ugumu uleule wa zilizotoka, alama iko kichwani mwake, siyo bolti ya kufungia geti. Kisha alaimenti. Usiiahirishe, maana pembe za gurudumu zimebadilika na tairi litaliwa upande.

Bado kuna picha ya tatu, ile ya gari likiwa limeegeshwa. Pua imeinuliwa sana. Najua kwa nini, unataka lisiguse matuta ya mchanga na linapendeza kwa macho. Lakini tazama mkono wa juu ulivyoinama kuelekea chini, karibu unalala kwenye stopa yake. Hapo boljointi ya juu imepinda hadi mwisho wa uwezo wake hata gari likiwa limesimama, raba imevutika upande mmoja mchana na usiku, na ndiyo hiyohiyo inayobeba uzito. Mpasuko wa raba yako uko upande huohuo uliovutika. Shusha tosheni baa mpaka mkono uwe na nafasi nzuri kati ya stopa ya juu na ya chini. Kama ni lazima uwe na kimo, kitafute kwenye tairi la saizi inayokubalika na gari lako, na hizo spesa ulizoweka kutanua magurudumu zitoe. Zinalisukuma gurudumu nje na kuzidisha nguvu inayopinda kila kiungo cha mbele. Ukiwa hapo, zisukume shokapu za mbele. Shokapu iliyokufa inaliacha gurudumu lidundedunde, na kila mdundo ni nyundo kwenye goroli.

Ufukweni nenda, ndiyo riziki, lakini ngoja maji yakupwe vya kutosha usizamishe nako. Ukirudi, mwagia chini ya gari maji baridi ya bomba kwa mpira wa kawaida, muda mrefu, hasa nyuma ya magurudumu. Mashine ya kuoshea yenye nguvu usiielekeze kwenye midomo ya raba, inaingiza maji mahali ambapo bahari ilishindwa.

Pesa zikiwa chache, fuata mpangilio huu: kwanza nako ya kushoto ikithibitika imelika, pamoja na boljointi za juu pande zote mbili. Usibadilishe upande mmoja, maana wa pili una umri uleule na chumvi ileile. Za chini zifuate mwezi unaokuja kama kipimo cha mtaimbo kinaonyesha bado zimetulia. Kushusha tosheni baa hakukugharimu kitu, kwa hiyo kufanye leo jioni, kabla ya safari ya kesho.

Ukishuka Tanga na mzigo, pitia gereji kabla hujapakua spea yoyote kwenye boksi. Njoo asubuhi gari likiwa limepoa, na masizi ya sufuria nitakuwa nayo.